Karatasi Mnazo Ninyi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Dodoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mji wa Serikali, Mtumba;
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA);
na wataalamu wote mnaokaa kutathmini matukio yanayotokea baada ya chanjo.

YAH: MZIGO WA KUTHIBITISHA KWAMBA CHANJO NDIYO ILIYOMDHURU MTOTO

Mheshimiwa Waziri,

Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31, mingi nikiwa kwenye zahanati za vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa. Nilianza kazi wodi za watoto zikiwa bado zinajaa surua, nikastaafu wauguzi wadogo wakiwa hawajawahi kuiona wodi ya namna hiyo. Kilichoiondoa ni chanjo. Nimeichoma kwa mikono hii. Nimepanda nyuma ya pikipiki kwenda huduma ya mkoba, kibebeo cha chanjo mapajani, jua la Oktoba likichoma vumbi la njiani, nikihesabu dakika kabla barafu haijalainika. Kwa hiyo anayetafuta mtu wa kumsaidia kupinga chanjo asitumie barua hii. Atakuwa ameniibia maneno.

Mwaka juzi mjukuu wa marehemu dada yangu alitimiza wiki 14. Mama yake hajawahi kukosa tarehe ya kliniki, na siku hiyo pia hakukosa. Mtoto alipata chanjo zote za wiki hiyo: Penta ya tatu, ya nimonia, sindano ya polio na matone ya polio. Alilia, akanyonya, akalala. Siku ya 11 mama akiwa anambadilisha nepi aliona mguu wa kulia haupigi teke. Akiuinua, unaanguka. Nilipoletewa mtoto nilijua hapohapo kwamba lazima taarifa itolewe, nikapiga simu. Walikuja haraka, na kwa hilo nawashukuru. Walichukua sampuli mbili za choo, zikiwa zimepishana saa 24, ndani ya siku 14 kama utaratibu wa kusaka polio unavyotaka. Baada ya siku 60 wakaja tena kuutazama mguu. Kisha mama akaambiwa kwa mdomo: si polio. Mambo yakaishia hapo, mguu ukiwa vilevile.

Kama si polio, kuna mengine ya kutafuta. Sindano inaweza kugusa neva. Ugonjwa wa Guillain-Barré unaweza kulegeza miguu, na mara nyingi huja baada ya maambukizi ya kawaida ya tumbo au kifua bila chanjo yoyote kuhusika. Virusi vingine navyo hulemaza. Kila moja kati ya hayo lina namna yake ya kuchunguzwa, na hakuna hata moja lililochunguzwa. Familia ilipoomba msaada wa gharama za mazoezi ya viungo na viatu vya chuma, ofisi moja iliwajibu kwa neno moja: thibitisheni. Thibitisheni kwanza kwamba ni chanjo.

Neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Nina mambo saba ya kusema, kisha maombi.

1. Ushahidi mnaoudai kwa mama umo mikononi mwenu.

Angalieni kinachohitajika ili mtu aseme kwa uhakika kwamba chanjo fulani ilimdhuru mtoto fulani. Anahitaji namba ya bechi ya kila kichupa kilichofunguliwa siku ile. Anahitaji chati ya jokofu, ile tunayoijaza asubuhi na jioni, aone kama joto lilibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kama ni surua au BCG (chanjo ya kifua kikuu), anahitaji kujua ilichanganywa saa ngapi, maana ikipita saa 6 haifai kuchomwa. Anahitaji jina la aliyechoma, na mahali hasa kwenye paja sindano ilipoingia. Anahitaji kujua kama watoto wengine waliopata bechi hiyo, hata kama ni wa wilaya nyingine, waliugua vilevile. Anahitaji majibu ya maabara kwa maandishi, na maneno ambayo kamati yenu ya tathmini iliandika ilipolijadili tukio lake, kama lilijadiliwa.

Kati ya hayo yote, mama ana kadi ya kliniki. Kwenye kadi kuna tarehe.

Mengine yamo kwenye rejesta za taarifa za afya (MTUHA) za zahanati, kwenye leja ya chanjo wilayani, kwenye bohari, kwenye maabara, na kwenye mafaili ya mamlaka ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Mama wa Bahi akitaka karatasi hizo hajui hata mlango wa kubisha. Mimi niliyezijaza kwa miaka 31 nimebisha hodi, na mpaka leo sijaona hata moja kuhusu mtoto huyu.

Sheria yetu ya Ushahidi inasema anayedai ndiye athibitishe. Watu wengi huishia hapo. Lakini sheria hiyohiyo inaongeza kwamba katika shauri la madai, jambo lililo katika ujuzi wa mtu fulani mahususi, mzigo wa kulithibitisha ni wake huyo. Mwanangu aliponisomea kanuni hiyo niliielewa mara moja, kwa sababu nimekaa upande wenye ujuzi. Mwenye funguo za kabati ndiye wa kuambiwa alete kilichomo kabatini.

2. Sisi wenyewe tumekuwa tukipoteza ushahidi, nami nimo.

Kuna mwaka, nikiwa Kongwa, nilijaza fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa na chanjo, kwa mtoto aliyevimba kwapani baada ya BCG mpaka pakatumbuka. Ni tukio linalojulikana, limo vitabuni, wala si la kuogopesha. Niliipeleka fomu ngazi ya juu yangu. Miaka iliyofuata nilijaza nyingine, labda saba kwa maisha yangu yote ya kazi, na hakuna hata moja iliyonirudia na jibu.

Nyingi zaidi sikuzijaza. Muuguzi aliye peke yake zahanati, foleni ya akina mama imefika kwenye mbuyu, anaogopa kwamba karatasi hiyo itageuka kuwa shtaka lake. Kama sindano ilichomwa vibaya, nani aliichoma? Kama jokofu lilizima, nani alikuwa na funguo? Basi tunanyamaza. Usiku mmoja mama aliniletea mtoto aliyepata degedege saa chache baada ya chanjo. Nilishusha homa, mtoto akatulia, nikamwambia, “Ni homa tu mama, usiwe na wasiwasi.” Huenda nilisema kweli, kwa kuwa degedege la homa huja na kuondoka bila kuacha alama. Lakini sikuandika popote. Kama mtoto yule alikuja kuwa na kifafa, hakuna binadamu atakayeweza leo kurudi nyuma akajua. Nimemfikiria sana mama yule tangu mguu wa mjukuu wetu ulegee.

Tanzania imo katika mtandao wa dunia wa kufuatilia usalama wa dawa tangu 1993. Desemba 2018 mamlaka yetu, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu. Ni sifa ya haki. Chombo chenye sifa hiyo kinaweza kumwandikia mama wa kijijini barua ya ukurasa mmoja.

3. Mnauliza swali moja pale ambapo maswali ni mawili.

Kilichofuata chanjo si lazima kiwe kimeletwa na chanjo. Hili nimewaeleza akina mama maelfu, na nitalieleza tena. Watoto huchanjwa katika umri uleule ambao malaria, homa ya uti wa mgongo na kifafa huanza kuonekana. Ukichanja watoto wote wa wilaya, baadhi wataugua wiki hiyo, kama ambavyo wangeugua bila chanjo. Kwa hiyo uchunguzi ni wa lazima, na jibu la uchunguzi mara nyingi litakuwa “hapana, si chanjo”. Naikubali hapana hiyo ikija na sababu zake.

Mwongozo wa WHO unayagawa matukio katika makapu manne. La kwanza ni yanayoendana na chanjo, iwe ni asili ya chanjo yenyewe, ubovu wa bidhaa, kosa katika uchomaji, au hofu ya sindano. La pili ni yasiyoamulika: muda unalingana, ila ushahidi wa kisayansi hautoshi au unagongana. La tatu ni ya sadfa. La nne ni yale yasiyoweza kuwekwa popote kwa kukosa taarifa.

Kapu la nne linaniumiza kuliko yote. Mtoto anaingia humo kwa sababu kichupa kilitupwa, chati haikujazwa, daktari hakupima neva, sampuli ilichelewa. Anatoka humo akiwa ameandikiwa kwamba haijathibitika. Upungufu wetu wa kutunza kumbukumbu unageuka kuwa jibu dhidi yake.

Kamati ina swali lake, nalo ni zito: je, chanjo hii ina hatari ambayo taifa linapaswa kuizuia? Kwa swali hilo ni sawa kudai ushahidi mzito, maana ukisimamisha chanjo ya surua kwa tuhuma hafifu, watoto watakufa. Lakini familia ina swali la pili: gharama za mguu huu zibebwe na nani? Hilo halimsimamishi mchanjaji yeyote wala kufunga jokofu lolote. Halihitaji uhakika wa maabara. Linahitaji kupima kipi kina uwezekano mkubwa zaidi, na mizani ikisimama katikati, mtoto apewe faida ya shaka. Ninyi mnachukua jibu la swali la kwanza na kulitumia kufungia mlango wa la pili.

Wengine walishayatenganisha maswali haya. Marekani, chini ya sheria ya 1986 iliyoanza kulipa fidia mwaka 1988, kuna jedwali la chanjo, madhara na muda. Mtoto aliyepata mshtuko wa mzio ndani ya saa 4 baada ya chanjo iliyotajwa humo haulizwi athibitishe zaidi kwamba chanjo ndiyo sababu. Serikali ndiyo ionyeshe sababu nyingine kama ipo. Asiyekuwa kwenye jedwali bado ana njia: alete nadharia ya kitabibu inayoeleweka, mfuatano wa sababu na matokeo, na muda unaolingana. Fedha zinatokana na tozo ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliulizwa kuhusu Mfaransa aliyeugua maradhi ya neva baada ya chanjo ya homa ya ini B. Ilikataa jaji kudhania moja kwa moja kila linapotokea tukio, lakini ikaruhusu aamue kwa ushahidi mzito, mahususi na unaooana, hata pale utafiti wa kitabibu haujathibitisha wala kukanusha. Ujerumani wana sheria ya jambo hili tangu 1961. Sisi ndio kwanza tulikuwa tunapata Uhuru.

4. Wengi wakiugua pamoja tunaipata sababu. Mmoja akiugua peke yake tunamwambia ni bahati mbaya.

Mnakumbuka mwaka 2016. Kati ya Juni na Novemba, hapa kwetu Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu 68 waliugua, macho manjano na matumbo yamejaa, na 20 wakafariki. Wataalamu waliingia vijijini. Walitoa damu kwa wagonjwa, wakachota mahindi kwenye maghala ya nyumbani, wakalinganisha nyumba zenye wagonjwa na za majirani wazima, mpaka ikajulikana kuwa ni sumukuvu, sumu ya fangasi. Hakuna mfiwa wa Chemba aliyeambiwa alete uthibitisho wa fangasi. Serikali ilikwenda kuutafuta, ikaupata.

Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne mfululizo na chanjo haikuwekwa kwenye ubaridi. Mwaka 2015, Busia nchini Kenya, watoto zaidi ya 20 walilegea miguu baada ya sindano za matibabu katika zahanati moja. Haikuwa chanjo, lakini kila muuguzi wa ukanda huu aliyesikia habari ile aliyatazama mapaja ya watoto wake kwa jicho jipya. Katika visa vyote viwili wingi wa watoto ndio uliosema.

Madhara ya nadra kweli hayaji kwa wingi. WHO inakadiria kuwa matone ya polio huweza kumlemaza mtoto mmoja katika kila dozi za kwanza milioni 2.7 hivi. Mtoto huyo, akitokea, atatokea kijiji chake peke yake, mwaka wake peke yake. Hana majirani wa kuhesabiwa nao. Mkisubiri idadi ndipo mwamini, yule ambaye takwimu zenu wenyewe zinasema yupo hatapatikana kamwe.

Na kwa mjukuu wetu mfumo wa kusaka polio ulishafanya nusu ya kazi. Sampuli zilichukuliwa. Maabara ina uwezo wa kutofautisha kirusi cha porini na kile cha chanjo. Kilichobaki ni kumpa mama karatasi, na kutokusimama kwenye “si polio” kana kwamba ulemavu usio wa polio hauna mwenyewe.

5. Nchi hii inajua kulipa bila kumtesa aliyeumia.

Wakulima wa Chemba na Manyoni wanajua kifuta jasho na kifuta machozi. Chini ya kanuni za mwaka 2011, tembo akiua mtu, familia hupewa kifuta machozi. Kanuni hizo ziliweka shilingi milioni 1 kwa kifo. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, na malipo yanalalamikiwa kuchelewa. Lakini angalieni mantiki yake. Mjane haambiwi athibitishe tembo yule alitoka hifadhi ipi, wala askari gani wa wanyamapori alizembea. Taifa liliamua kwamba tembo ni wa wote, faida yake ni ya wote, basi machozi ya aliyeangukiwa na faida hiyo yafutwe na wote. Chanjo nayo ni ya wote. Mtoto mmoja akichanjwa anamkinga na yule wa jirani aliyechelewa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2008. Sheria hiyo ina orodha ya magonjwa na kazi zake. Mfanyakazi wa mgodi mwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hatakiwi kutaja ni vumbi la siku gani lililomkata pumzi: alifanya kazi iliyoorodheshwa, ana ugonjwa ulioorodheshwa, basi inachukuliwa kuwa kazi ndiyo sababu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bunge lililopitisha sheria hiyo ni lilelile lililo kilomita chache kutoka ninapoandikia.

Anayejitolea kwenye majaribio ya dawa au chanjo nchini analindwa na bima ambayo mdhamini wa utafiti anatakiwa kuionyesha kabla ya kibali. Na mwaka 2021, zilipofika dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO ya Janssen tarehe 24 Julai kupitia mpango wa COVAX, ziliambatana na utaratibu wa fidia usiohitaji kuthibitisha kosa la mtu, uliowekwa kwa nchi na maeneo 92. Nasi tulikuwemo.

Kwa hiyo mtu mzima aliyechanjwa dhidi ya UVIKO kwa dozi hizo alikuwa na mlango wa kubisha. Mtoto wa wiki 14 aliyepelekwa kliniki kwa tarehe aliyopangiwa na serikali hana. Nimelitafutia hili sababu ya kimaadili, sijaipata.

6. Kumwelekeza mama mahakamani ni kumfukuza kwa adabu.

Anayetaka kuishtaki serikali atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, aende Mahakama Kuu. Huko atatakiwa kuthibitisha uzembe, yaani kumtafuta muuguzi wa kumlaumu. Kama chanjo ilikuwa nzuri, jokofu zima na muuguzi hodari, na bado mwili wa mtoto ukaipokea vibaya, hakuna uzembe na hakuna kesi. Na kama kweli muuguzi alikosea, kesi hiyo itawafundisha wauguzi wote wa wilaya kutojaza fomu ya njano.

7. Kitakachopotea ni imani, na ikipotea ni vigumu kuirudisha.

Januari 2021 Rais Magufuli alionyesha hadharani mashaka yake juu ya chanjo za kigeni. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia alichanjwa hadharani. Sisi tuliokuwa vijijini tulibaki katikati ya miezi hiyo tukijibu maswali. Nilichojifunza ni kwamba mama haogopi sana kuambiwa chanjo ina hatari ndogo. Anazijua hatari, amejifungua. Anachokiogopa ni kuachwa peke yake hatari hiyo ikimwangukia. Kijiji alichozaliwa mjukuu wetu kina nyumba zinazotazamana, na mguu ule umeonekana na kila mtu. Kampeni ya surua iliyofuata nilikwenda mwenyewe kusimama mlangoni mwa zahanati kuwasihi akina mama waingie. Wapo waliogeuza njia. Mmoja aliniambia, kwa heshima kabisa, “Mama, sisi tukipata tatizo tutakwenda kwa nani?” Sikuwa na jina la ofisi la kumtajia. Watoto wa wale walioondoka siku ile hawajakingwa dhidi ya surua, nami najua surua inafanya nini.

Ninachoomba sasa.

Kwanza kabisa, kabla ya sheria na mfuko, naomba karatasi. Kila familia ambayo tukio la mtoto wake limeripotiwa ipewe nakala ya ripoti ya uchunguzi, majibu ya maabara, na uamuzi wa kamati pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili, ndani ya muda utakaotajwa. Hili halihitaji Bunge. Linahitaji waraka wenye saini yako, Mheshimiwa Waziri.

Naomba namba ya bechi iandikwe kwenye kadi ya mtoto kwa kila dozi, na kichupa cha tukio zito kihifadhiwe kwenye ubaridi badala ya kutupwa na taka za siku. Uchunguzi wa tukio zito uanze ndani ya saa 48, na mtoto aliyelegea kiungo apelekwe kupimwa neva hata kama polio imeondolewa. Hospitali za rufaa tunazo hapa; tatizo ni nauli na rufaa ya kuandikiwa.

Naomba muuguzi anayetoa taarifa kwa uaminifu alindwe kwa maandishi. Asiyetoa ndiye aulizwe.

Kisha pelekeni bungeni muswada wa fidia isiyohitaji kuthibitisha kosa. Uwe na jedwali letu wenyewe, lililotengenezwa na wataalamu wetu: mshtuko wa mzio ndani ya saa chache, maambukizi ya BCG yaliyosambaa mwilini, kupooza baada ya matone ya polio ndani ya muda unaokubalika, neva iliyoumizwa na sindano, jipu lililotokana na uchafu wa vifaa. Anayeingia kwenye jedwali alipwe bila kesi. Asiyeingia apewe nafasi ya kusikilizwa, akiwa na daktari wa kumsaidia anayelipwa na mfuko, na tukio lisiloamulika kwa sababu ya kumbukumbu zilizopotea upande wa serikali lihesabiwe kwa faida ya mtoto. Wajumbe wa kuamua fidia wasiwe walewale wanaosimamia mpango wa chanjo. Siwatuhumu, ila hata mimi nisingetaka kuwa hakimu wa sindano niliyoichoma mwenyewe.

Na wakati muswada unasubiriwa, matibabu ya watoto hawa yawe bure kuanzia siku taarifa inapotolewa, bila kungoja uamuzi wa sababu. Bunge limeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Waingizeni humo. Mguu wa mtoto unakua kila mwezi, na mazoezi yanayofaa akiwa na mwaka mmoja hayafai akiwa na sita.

Bajeti ya Wizara husomwa hapa Dodoma. Mwaka huu nitaomba nafasi kwenye ukumbi wa wageni nikiwa na mama yake. Tutakuwa na bahasha yenye karatasi tulizonazo kuhusu mtoto huyu, nazo ni mbili: kadi ya kliniki na risiti ya viatu vya chuma. Naomba siku hiyo iwepo ya tatu, kutoka kwenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Dodoma.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Serikali
Kamati ya Kudumu ya Bunge inayosimamia masuala ya afya
Wauguzi wenzangu wa zahanati za Bahi, Chamwino na Kongwa